Uso wa Bi Mwanaesha Gizani

Huku kwetu Kibokoni, usiku wa kumpamba bibi harusi ni wa wanawake peke yao. Simu huachwa mlangoni, na mpiga picha ni mwanamke. Ndiyo kazi yetu mimi na Mwanakuu. Tukimaliza tunampelekea bibi harusi picha nyepesi kwa simu, kisha zile nzito za kamera tunazifuta mbele ya wenyewe, zisije zikaangukia macho yasiyohusika. Lamis alipoolewa, mamake, Bi Fadhiya, alisimama nyuma yangu mpaka ikafutika ya mwisho.

Sasa alirudi kwetu na Lamis, na picha ile nyepesi kwenye simu ya Lamis. Mama mzazi wa Bi Fadhiya, Bi Mwanaesha, alifariki mwezi uliopita. Marehemu hakupenda kupigwa picha. Imebaki hii moja ya harusi, ameketi nyuma ya taa, buibui jeusi, uso kizani. Alikuwa anacheka, Bi Fadhiya alisema. Alitaka nimtoe gizani amwone anavyocheka.

Nilikuwa nimechoka, harusi zilikuwa zimefuatana tangu Idi. Nikaanza polepole. Kila nikiongeza mwanga shavu liligeuka mabaka, kama ukuta uliobabuka chokaa. Penye kunjo za uso pakawa doa moja la kijivu. Nikarudi nyuma, nikajaribu tena, na tena, mpaka macho yakaniwasha.

Nikamweleza. Picha ya kamera hubeba maelfu ya ngazi toka weusi hadi weupe, hata kizani zipo za kutosha. Hii ya simu ngazi zake ni chache, na pale kwenye giza zimebaki mbili tatu. Ukizivuta zinaachana.

"Na ile ya kamera?" akauliza, naye anajua.

"Tuliifuta, Bi Fadhiya."

"Na mimi niliwasimamia kama askari."

Mwanakuu akajifanya anatafuta waya. Lamis akachukua simu, akaiachia programu imchoree bibi yake uso. Ukatoka laini, unang'aa, unacheka.

Bi Fadhiya aliutazama. "Huyu ana meno yote," akasema. "Mamangu alikuwa na mawili. Mfute, mwanangu."

Nikairudia picha yenyewe, nikapunguza mwanga mpaka mabaka yakazama, nikaachia hapo. Ulionekana mstari wa shavu tu, umeinuka kidogo.

Akasema nichape hivyo, kubwa kadiri karatasi inavyobeba. Nikamwambia ikikuzwa, giza nalo litakuwa kubwa. Akasema haidhuru, akavua viatu, akaketi kungoja.