Matangazo ya Vifo kwenye Mashine ya Chanika

Nikodemu, fundi wa mashine ya unga ya kijiji cha ujamaa cha Chanika, aliifungua redio ya mkewe juu ya meza ya chakula. Platini za injini, zile za kukata umeme ili plagi itoe cheche, zilikuwa zimelika, na huko mjini hazipatikani hata upige magoti.

"Baba Tekla, mie jioni nitasikiliza nini?" Eufrazia aliuliza. Baba yake alikuwa mgonjwa Masasi, na habari za Masasi zilimfikia kwa matangazo ya vifo tu.

"Nakopa, mke wangu. Platini zikija nairudisha."

"Kukopa harusi, kulipa matanga," alisema, akaenda kuteka maji.

Sumaku ya spika Nikodemu aliigandisha kwenye gurudumu la injini, akategesha koili ndogo ya waya pembeni. Sumaku ikipita, waya unaiamsha transista, transista inakata umeme wa koili kubwa, plagi inatoa cheche. Transista ilichemka mno, akaifunga kwenye mfuniko wa sufuria ipoe. Akavuta kamba, injini ikawaka.

Halafu ikaanza kutangaza. Sauti ilitoka kwenye bomba la moshi, ile ile ya mtangazaji wa jioni: marehemu fulani, mazishi mahali fulani, habari ziwafikie. Wanawake walisogeza ndoo karibu. Waliofiwa walilia, wengine waliendelea kuchekecha. Eufrazia akahamishia kigoda chake pale. Mashine ikinyamaza anasimama, ikiguruma anakaa.

Alhamisi moja sauti ikasema, "Habari zimfikie Eufrazia, mke wa fundi, Chanika, kwamba baba yake..." Injini ikakohoa, ikazima. Petroli imekwisha. Pipa la kijiji, lililojaa juzi tu, lilikuwa kavu.

"Nchi nzima ina shida ya mafuta," alisema Anselmo, mwenyekiti wa kijiji. Eufrazia akamwomba ruhusa ya kusafiri. Ruhusa ya kutoka kijijini ilitolewa kwa aliyetangaziwa msiba, si kwa mwenye wasiwasi. "Tangazo halikukamilika, mama. Vuta subira."

Akashinda mbele ya injini iliyopoa, siku baada ya siku. Nikodemu hakujua auweke wapi uso wake.

Mafuta yalipokuja, mahindi yalishaanza kubunguliwa. Mashine iliendelea pale pale ilipoachia: "...anamuulizia, ana neno la kumwambia, afanye haraka. Tangazo hili limechelewa. Mazishi yalifanyika Jumapili. Petroli ya mashine ilikwenda Bunju na mwenyekiti, kwenye harusi ya mpwa wake."

Mwenyekiti alikuwepo, na debe lake la mahindi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ametamka vizuri," alisema, akamwandikia Eufrazia ruhusa ya kwenda matanga. Wanawake wakakung'uta kanga zao, wakajitwika unga.

Kesho yake pipa lilikuwa limepungua tena hadi nusu, na hakuna aliyesaga. Nikodemu alichukua bisibisi kwa hasira, akaanza kuifungua ile transista. Eufrazia, mzigo wake wa safari kichwani, akamshika mkono.

"Iache," alisema. "Mama yangu bado yuko hai Masasi."