Shomoro wa Malachy

Uvumi ulimfikia Dympna siku ya pili ya msiba wa babake: kuna watu wanasoma tanzia kwa bidii kuliko mapadri, kisha huenda kuzitembelea nyumba wakati wenyewe wako kanisani.

"Domo la wasio na kazi hilo," shangazi yake Attracta alimcheka. "Mwizi gani ana subira ya kusoma gazeti?"

Dympna naye akacheka, ila uvumi ule ulimganda kama kupe. Tanzia alikuwa ameiandika yeye kwa mkono wake, na moyo ulivyomjaa hakubakiza kitu. Malachy Hehir, baba mpendwa na babu. Tarishi wa posta kwa miaka thelathini, aliyekuwa akishuka kwenye baiskeli kuwasomea barua vipofu. Kwake yeye, mjukuu wake Orlaith alikuwa Shomoro. Fidla ya mababu zake ingali inaning'inia juu ya meko, kwenye nyumba ya mlango mwekundu karibu na daraja. Misa saa tano asubuhi, na familia yote itakuwepo.

Kijijini kwao nyumba ya msiba haiachwi tupu. Jirani mmoja hubaki, birika jikoni, hadi waliokwenda kuzika warudi. Miaka arobaini jirani huyo alikuwa Malachy mwenyewe. Wengi walizika wazazi wao bila wasiwasi kwa kuwa Malachy alikuwa amekaa kwao. Safari hii alibaki Nuala, wa ng'ambo ya barabara, pamoja na Orlaith wa miaka saba, aliyekuwa na homa.

Katikati ya misa Dympna aligeuka. Safu ya tatu nyuma yake, Nuala alikuwa anafuta machozi.

"Nuala! Mtoto umemwacha na nani?"

"Si binamu yako wa Boston! Kijana ana adabu huyo, na tai yake nyeusi. Kaniambia, 'Nenda kamzike mzee wako, mama, mimi nitakaa na Shomoro.' Nikasema moyoni, huyu ni damu yao."

Dympna hakuwa na binamu Boston.

Alitoka mbio, akalipita jeneza la babake, viatu mkononi. Achukue fidla, aliomba njia nzima. Achukue na paa la nyumba. Mtoto tu aniachie.

Mlango mwekundu ulikuwa wazi. Birika lilikuwa limekauka maji, linanuka moto. Kitanda kitupu.

"Orlaith!"

Akaita tena, akifungua mlango mmoja baada ya mwingine.

Alimkuta uani kwenye mvua, na nguo za kulalia, akipunga mkono kuelekea darajani.

"Mama, mjomba amekwenda kutengeneza fidla ya babu. Nilimwomba anichukue, akasema gari limejaa."

Dympna alipiga magoti kwenye tope, akamshika asimwachie. Alasiri walimzika Malachy bila wimbo wa fidla, Orlaith akiwa amebebwa mgongoni mwa mamake, na homa yake hivyo hivyo.

Mama mwenzangu, ukifiwa:

Usitaje kwenye tanzia nyumba ilipo.
Usitaje kilichotundikwa ukutani.
Usiandike jina la utani la mtoto.
Usiseme familia nzima itakuwa kanisani.
Usimpokee binamu ambaye hakuna anayemjua mamake.
Usimruhusu mlinzi wa nyumba kuja kuzika, hata akilia.
Usimwache mtoto nyuma. Mwenye homa mfunike blanketi, uende naye.