Mvuke wa Watu Wawili

Taa ya kijani ilimaanisha kulia, nyekundu kushoto. Collins na Silvesta walikuwa wamechuchumaa ndani ya shimo chini ya sakafu ya hoteli moja ya ughaibuni, West Bay, kila mmoja ameshika mpini wake wa winchi. Juu yao, mashine ya usukani ya manowari ya karne ya kumi na tisa iling'aa mbele ya wageni. Mgeni akizungusha gurudumu, taa inawaka huku chini, na wao wanavuta mnyororo mpaka usukani wa chuma ugeuke. Wageni wanadhani ni mvuke. Mvuke gani! Wakaguzi wa usalama walikataa boila, na tajiri mwenye hoteli alikuwa ameshaalika watu wake. Ule ukungu mweupe ulitoka kwenye mashine ya moshi wa disko.

Mlango wa shimo ulifungwa kwa nje. Collins aliuogopa mlango ule, lakini kusimamisha kazi aliogopa zaidi. Wiki iliyopita wenzao Wesley na Maurice walichoka, usukani ukakwama watu wakitazama. Jioni vitanda vyao kule bwenini Al Mansoura vilikuwa na watu wengine, na wao walikuwa uwanja wa ndege, wakirudishwa kwao.

Sauti ya mwongoza wageni ilipenya mbao: kabla ya mashine hii, mabaharia zaidi ya kumi walining'inia kwenye gurudumu wakati wa dhoruba. Mvuke ukawapumzisha.

Kijani. Nyekundu. Kijani tena, ghafla. Mgeni alikuwa anacheza. Mnyororo ukaruka jino la gia. Silvesta akanyoosha mkono kuurudisha, kama walivyozoea, na Collins alikuwa ameshazungusha.

"Uwi! Collins, mkono wangu!"

Vidole vitatu vilikuwa ndani ya gia. Dawa ilikuwa moja tu, kurudisha mpini nyuma. Collins akabonyeza redio.

"Njenga, Silvesta amenaswa na gia. Narudisha nyuma."

"Usirudishe!" Njenga, msimamizi wao, Mkenya mwenzao, alinong'ona. "Kuna mama ameshika gurudumu, anapigwa picha. Usukani ukienda kinyume si wataona? Ngoja aligeuze upande wa pili mwenyewe."

"Ndugu yangu, vidole vinakatika!"

"Ngoja, nimesema. Ama unataka kurudi kwenu leo?"

Collins akaushika mpini bila kuuzungusha. Akangoja. Mungu amsamehe, alingoja. Silvesta alikuwa ameacha kulia. Aling'ata kola ya ovaroli yake, wageni wasisikie.

"Potelea mbali," Collins akasema, akarudisha mpini.

Juu usukani ukaenda kinyume, watu wakacheka.

Mlango ukafunguliwa. Njenga aliangalia mnyororo kwanza. Nyuma yake alisimama Douglas, mlinzi wa langoni, ameshavaa ovaroli.

"Nani amerudisha?" Njenga akauliza.

Collins akafungua mdomo. Silvesta akamtangulia.

"Ni yeye." Mkono ulioumia aliubana mapajani, damu ikilowesha nguo. "Mimi sikumwambia, boss. Mimi bado naweza kazi. Wallahi naweza."

"Collins, toka."

Douglas akaingia bila kumtazama, akashika mpini wa Collins.

"Jamani, huyu si apelekwe hospitali?" Collins akauliza.

"Wageni wakienda kula."

Njenga akasukuma komeo. Ndani, mnyororo ukaanza kwenda, polepole, na Collins akamsikia Silvesta akimfundisha Douglas: "Haya, kaka. Moja, mbili, sukuma."