Njia ya Nyuki Sebuleni kwa Chenge

Haya ni kweli tupu, na nikikutwa na uongo hata wa ukubwa wa bawa la nyuki, nitafua vitambaa vyote vya makochi ya Chenge, kwa mikono, majirani wakinitazama.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi huku Ilemela kilimani, ambako mawe yamekaa juu ya nyumba kama kofia. Mama Odeta alikuwa uani anakaanga dagaa, karibu na mzinga wake, alipoona nyuki wanarudi miguu imejaa chavua ya minyaa. Akaepua kikaango, akaenda kuonja asali. Ilikuwa na uchungu kidogo, inawasha koo. Asali ya minyaa, hakuna ubishi. Ila minyaa yenyewe haikuwepo tena.

Uzio ule wa minyaa ndio uliokuwa mpaka wake na jirani yake Chenge. Ulikatwa Odeta alipokwenda msibani Misungwi. Aliporudi alikuta sebule mpya ya Chenge imeukalia mpaka, na imemeza kipande alichokitunza kwa ajili ya mzinga wa pili. Hati hana. Huku kilimani minyaa ndiyo ilikuwa hati.

"Minyaa ipi tena, mama?" Chenge alimwuliza siku ile, kwa adabu zote. "Halafu hata sijakuamkia. Shikamoo."

Nyuki hawakupewa taarifa, wakaendelea kwenda kwenye minyaa yao. Waliingia dirisha la sebuleni, wakafuata mstari ulionyooka, wakituatua hewani kunyonya maua yasiyokuwepo, wakatokea dirisha la jikoni. Hawakumuuma mtu. Wageni wakazoea kuinua miguu. Siku ya Simba na Yanga watazamaji wote waliinamisha vichwa kwa pamoja, nyuki wakapita, ubishi wa penalti ukaendelea palepale ulipoishia.

Chenge akafunga madirisha. Nyuki wakapita ukutani, wakatoka wana vumbi la saruji mgongoni. Akaziba njia kwa kochi kubwa. Jioni alilikuta limesogezwa na mito imepangwa vizuri kuliko anavyopanga mkewe, jambo lililozaa ugomvi mwingine kabisa.

Ndipo akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, Yahaya, kudai mzinga uondolewe.

Yahaya alikuja, akakaribishwa kwenye lile kochi, lililokuwa limerudishwa katikati ya njia. Akapewa soda. Odeta naye aliitwa, akaja na kichupa cha asali.

"Mama, nyuki wako wanasumbua watu."

"Wanakwenda kazini kwao, mwenyekiti. Hebu onja."

Yahaya akalamba kidole, akakohoa. "Hii minyaa. Umeitoa wapi?"

"Hapo ulipokalia."

Nyuki wakaingia. Walijipanga chini ya kochi, wakalinyanyua na mwenyekiti wake mpaka karibu na feni, wakalisogeza taratibu, wakalitua upande wa pili wa mstari. Soda haikumwagika hata tone.

"Endeleeni, nawasikia," alisema Yahaya akiwa juu. Alipotua akamgeukia Chenge. "Hapa nilipo sasa ni kwako. Kuanzia pale nilipokuwa, kurudi kule, ni kwa mama."

Odeta akaanza kupima kwa macho mahali pa mzinga wa pili, palepale penye runinga.

"Lakini sebule imeshajengwa," Yahaya akaendelea. "Nyuki wapewe njia. Ukuta ubaki."

"Na mimi je?"

"Wewe si una nyuki, mama?"

Chenge akatoboa matundu mawili ukutani, akayatilia fremu za alumini, maana ni mtu anayependa kazi nzuri. Kila asubuhi anachungulia katika moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, ng'wanawane," Odeta humjibu, kama anayemwitikia mwanawe. "Inua miguu, wanakuja."

Juzi nilikuwa kijiweni kwenye kahawa nayasimulia haya, nimefika kwenye soda, Odeta akapita na ndoo yake.

"Ilimwagika," akasema bila kusimama. "Kochi zima lilichafuka. Acha kuwadanganya watoto wa watu, mzee."

"Na kuruka je, mama?" wakamwuliza. "Mwenyekiti aliruka?"

"Aliruka. Ningesema hakuruka?"

Basi nafua. Kitambaa chenye doa la soda kimegoma mpaka sasa, na mke wa Chenge amesimama mlangoni kuhakikisha nasugua. Vilivyotakata nimevianika nje, kwenye kamba ya Chenge, katika kiwanja cha Odeta. Nyuki wakipita, nainama.