Asionekane Amesimama

Mimi sina siri, ndivyo watu wanavyonijua. Nikikasirika jirani wa tatu anasikia, nikifurahi wa nne anasikia. Kwa hiyo nikisema kwamba kwa wiki kumi na moja nilificha jambo ndani ya nyumba yangu, nikamficha mume wangu mwenyewe, na wakili, na daktari, wanaonijua watasema thubutu, huyo hawezi. Niliweza.

Mume wangu alikuwa fundi wa lifti. Wenzake walimwita Juu-Chini, na mimi nilikuwa namtania kwamba tumepanga nyumba ya chini kwa sababu hataki kazi imfuate nyumbani. Siku hiyo alikuwa ndani ya shimo la lifti kwenye jengo moja la ofisi, anapaka grisi reli, mtu akawasha swichi kuu. Lifti ikashuka. Haikumponda, ilimbana kwenye ukingo wa zege, na uti wa mgongo ukaumia sehemu ya kiunoni. Kampuni yake ikasema ni uzembe wake, hakuifunga swichi kwa kufuli lake kama kanuni ya kazi inavyotaka. Yeye akasema alifunga, na ufunguo wa pili anao msimamizi. Hapo ndipo tulipotafuta wakili.

Wakili wetu alikuwa mwanamke mfupi, sauti ya chini, ofisi yake chumba kimoja juu ya duka la miwani, mafaili yamepanda mpaka dirishani. Siku ya kwanza alisema jambo moja akalirudia mara mbili: "Mimi na daktari msitufiche kitu. Kizuri au kibaya, nipigieni simu." Nikamjibu mimi, maana mimi ndiye mwenye mdomo nyumbani kwetu: "Mama, mficha uchi hazai. Utajua yote mpaka utuchoke." Akacheka kidogo, akaandika.

Daktari naye hakuzunguka. Uti haukukatika, alisema, umeumia tu, na miezi sita ya kwanza ndiyo yenye faida. "Mazoezi kila siku. Mkizembea, viungo vitakaza, na vikishakaza sitakuwa na la kuwasaidia."

Akawa anakuja mtaalamu wa mazoezi ya viungo, Jumatatu na Alhamisi. Bwana mnene, mpole, anavua raba zake mlangoni kama anaingia kwa mkwewe. Siku nyingine aliniachia mimi kazi: goti likunjwe, linyooshwe, wayo usukumwe juu kuelekea goti, mara thelathini kila mguu. Nilimkunja mume wangu mpaka nikaota sugu. Wiki ya sita kidole gumba cha kulia kikacheza. Wiki ya tisa, Alhamisi, yule bwana akamsogeza dirishani, akamwambia ashike nondo, ajivute.

Alisimama. Magoti yanatetemeka, jasho linamtiririka puani, lakini alisimama, na sisi wawili tukahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne. Kwenye nne akaanguka mikononi mwetu akilia kama mtoto, na mimi nikapiga kigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani kaolewa.

Alasiri hiyo hiyo akaja shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu. Ni tarishi kwenye ofisi moja ya serikali, na kwa kuwa anabeba bahasha anadhani amesoma yaliyomo. Nilimsimulia jikoni, mume wangu akiwa amelala chumbani. Nilitegemea ashangilie. Akafunga mlango.

"Mnataka kuiua kesi kwa mikono yenu wenyewe?"

"Kuiua vipi, shemeji? Mdogo wako kasimama!"

"Punguza sauti! Kuna jamaa mmoja mgongo ulivunjika kiwandani. Akaenda harusini, akanyanyuka kwenye kiti kumpongeza bwana harusi. Wakampiga picha. Kesi ikatupwa siku hiyo hiyo. Hizi kampuni zina watu wa kazi hiyo." Akanishika bega, akanielekeza dirishani. "Lile gari umeliona?"

Lilikuwa gari dogo la kijivu, limeegeshwa ng'ambo ya barabara, vioo vimepandishwa nusu. Ndani yake mtu mwenye kofia alikuwa anakula mkate bila haraka. Hakuangalia simu wala barabara, alikuwa anaangalia dirisha letu.

"Limekuja lini?"

"Jumatatu nilipopita lilikuwepo. Leo lipo. Sasa wewe piga vigelegele."

Nilishika simu nimpigie wakili, nikaiweka chini. Nilijua angesema nini: semeni ukweli, mwacheni asimame. Mimi nami nilishapiga hesabu za maisha yetu yote juu ya kesi ile, nyumba isiyo na ngazi, kiti kizuri cha magurudumu, watoto wabaki shule. Niliogopa. Sitafuti neno zuri zaidi ya hilo.

Nikajiambia: akisimama bila mtu kumwona, hakuna shida. Na ili asionekane amesimama, asisimame. Asisimame mpaka daktari wa mahakama, yule atakayempelekea hakimu ripoti, ampime. Kisha tutaendelea.

Jumatatu nilimngoja yule bwana wa mazoezi getini. Nikamwambia tunahamia kwa ndugu mji mwingine, huko kuna kliniki. Alinitazama, akatazama viatu vyangu vya ndani.

"Mnahama leo?"

"Karibuni."

"Msiache hata siku moja, dada. Huyu amefika pazuri." Akanipa karatasi yenye picha za mazoezi, akaondoka. Gari la kijivu lilikuwepo. Mlichokiona mmekiona, nikasema moyoni, sasa mtachoka wenyewe.

Mume wangu nilimwambia daktari amepiga simu: mgongo umevimba kwa ndani, apumzike kabisa mpaka apimwe na daktari wa mahakama.

"Daktari amesema hivyo?"

"Amesema."

"Basi sawa. Alisema nini kuhusu vidole?"

"Vipumzike."

Hakuuliza tena. Mwanamume yule maisha yake yote aliamini mtu aliyemwambia njia ni salama. Ndivyo alivyoingia kwenye lile shimo, na ndivyo alivyolala kitandani siku hiyo akanishukuru.

Nilifunga mapazia. Kitanda nikakivuta kutoka dirishani, nikasema kuna upepo. Fremu ya kutembelea aliyopewa hospitali nikaipandisha juu ya kabati. Nyumba ikawa na giza mchana kutwa, tunakula taa imewashwa, watoto wakitoka shule wanavua viatu na kunong'ona bila mtu kuwaambia. Mimi, mwenye sauti ya kuamsha mtaa, nilianza kunong'ona pia. Kila Jumatatu na Alhamisi nilipenyeza jicho pembeni mwa pazia, na gari lilikuwepo. Siku nyingine halikuja. Niliona kabisa kwamba linakuja siku mbili zile tu. Sikujiuliza kwa nini.

Wiki ya nne ya mapazia nilirudi kutoka sokoni nikamkuta sakafuni. Alikuwa amejiburuta mpaka chini ya dirisha, kiganja kimoja ukutani, anatafuta nondo kwa kupapasa.

"Nilitaka kuona tu kama bado naweza," akasema.

Aka! Nilimfokea. Nilimfokea mtu aliye chini. Nikamwambia anataka kutuua sote, kwamba sisi ndio tunaomhangaikia, mgongo ukiharibika asije kunililia mimi. Akaomba msamaha. Nikamrudisha kitandani, nikamfunika, nikaenda jikoni kukata vitunguu ambavyo sikuvihitaji.

Baada ya hapo hakujaribu. Nyayo zake zikaanza kuelekea chini kama za mtu anayetembea kwa ncha za vidole. Magoti yakabaki yamekunjwa kidogo hata akilala. Kile kidole gumba kikanyamaza. Na nitasema hili kwa sababu nimeahidi kusema yote: siku nilipoona kimenyamaza, nilishusha pumzi. Nilifikiri, sasa yule wa kwenye gari apige picha anayotaka. Mungu anisamehe.

Kisha wakili akapiga simu. Sauti yake ya chini siku hiyo ilikuwa na furaha. Msimamizi amekiri, alisema. Amekiri kwa maandishi kwamba alifungua kufuli kwa ufunguo wa pili bila kuangalia shimoni. "Hapo tumewashinda, mama. Sasa wanachotafuta ni kupunguza fidia tu. Mgonjwa anaendeleaje? Mazoezi?"

"Yanaendelea," nikasema.

Nilikata simu, nikaenda moja kwa moja chumbani, nikafunua shuka, nikashika wayo wa kulia kuusukuma juu. Ulikataa. Nikasukuma kwa nguvu zangu zote. Ulikuwa mgumu kama mlango uliotiwa komeo kwa ndani. Kwenye mara ya sita alipiga yowe, nikauachia.

"Si tulikatazwa?" akauliza, machozi yakimlenga.

"Tunajaribu kidogo tu."

Daktari wa mahakama alimpima Jumatano. Alikuwa mzee asiye na maneno, ana kipimo cha plastiki cha kupimia viungo. Alipima kifundo, akapima tena, akanitazama mimi badala ya mgonjwa, akaandika. Wiki mbili baadaye tukaitwa kule juu ya duka la miwani. Shemeji alitusaidia kumpandisha mume wangu ngazi kwenye kiti chake cha magurudumu, akashuka kunywa chai.

Wakili hakuketi. Mbele yake kulikuwa na ripoti na majibu mapya ya kampuni. Akatoa picha, akazipanga mezani moja moja. Nilijikaza kuona mume wangu kwenye nondo. Hakuwepo. Ilikuwa nyumba yetu tu. Getini, mimi na bwana wa mazoezi, yeye anageuka kuondoka. Halafu Alhamisi, mapazia yamefungwa, mlangoni hakuna raba. Jumatatu, mapazia. Alhamisi, mapazia. Kila picha na tarehe yake.

"Wanasema alikuwa anapona," wakili akasema, "na kwamba kilichomlemaza sasa si lifti. Ni kuachishwa matibabu nyumbani. Daktari wa mahakama anakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Kano zimefupika. Anasema nafasi ya kusimama tena ni ndogo sana." Akaisogeza ripoti pembeni. "Wiki ya tisa alisimama. Mtaalamu aliandika kwenye taarifa zake. Kwa nini hamkuniambia?"

"Tuliogopa picha," nikasema. "Akionekana amesimama..."

"Ningemsimamisha mwenyewe mbele ya hakimu! Mtu anayesimama hesabu ya nne na jasho linamtoka, kila mtu anaona alichonyang'anywa. Tulikuwa tunadai gharama za mazoezi hayo hayo, mpaka siku atakayotembea."

Mume wangu alikuwa anatazama picha ya getini. Aliishika muda mrefu. Tarehe ilikuwa pale pembeni, Jumatatu ile baada ya yeye kusimama, na kuhesabu hakuhitaji kusaidiwa.

"Mimi ndiye niliyekataa mazoezi," akasema. "Andika hivyo. Maumivu yalinizidi, nikakataa."

Nilitaka kupasuka.

"Siwezi kuandika," wakili akajibu polepole. "Mtaalamu ameshatoa maelezo. Na hata asingetoa, siwezi kupeleka uongo." Akageuza ukurasa wa mwisho kuelekea kwangu. Ilikuwa orodha ya mashahidi wa kampuni. Nilidhani ningeona msimamizi, au mwenye gari. Jina la kwanza lilikuwa langu, majina yote matatu yameandikwa sawasawa. "Wanakuita wewe. Watakuuliza nani alimzuia mtaalamu, na nani alisema daktari amekataza. Utaapa, na utajibu."

"Daktari hakukataza?" mume wangu akauliza.

Mimi mwenye mdomo, mdomo uliganda. Alinitazama, si kwa hasira, ningeivumilia hasira. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka amewahi kuniona wapi.

Wakili akakusanya picha. Nikazunguka nyuma ya kiti, nikashika vipini nimtoe nje kama nilivyomtoa kila mahali kwa miezi yote ile.

"Acha," akasema. "Usinisukume."

"Nikutoe tu mpaka ngazini..."

"Mwite kaka."

Niliachia vipini. Nilishuka, nikamkuta shemeji ameinamia kikombe chake, nikamwambia mdogo wako anakuita. Akauliza mambo vipi huko. Nikamwambia panda tu, na nikabaki pale chini nimesimama, nisijue kama nina ruhusa ya kupanda tena.