Kijiji A

Jumatatu asubuhi, akipiga mswaki nyumbani kwake Tengeru, Dk. Elirehema Nnko aliona jino lake moja la mbele limekuwa jeupe. Mengine yalikuwa ya kahawia, kama ya kila aliyekulia kijijini kwao, juu kidogo ya Maji ya Chai, ambako maji yana madini yanayotia meno rangi kwanza, kisha hupinda mifupa baadaye. Alikumbuka kwamba Jumapili, baada ya ibada, alifuta jina la mkandarasi wa mtambo wa maji kwenye makala yake. Akajipangusa mdomo, akaenda chuoni.

Makala ilihusu rushwa, ukuaji wa uchumi na mazingira. Ilieleza jinsi mtambo wa kuchuja maji wa kijiji chao ulivyozinduliwa kwa ngoma na keki, ukafanya kazi siku ile ile tu, kisha mabomba na matangi yake yakaonekana kwenye shamba la maua la mkubwa mmoja. Mama yake ndiye aliyemsimulia.

"Uandike, baba," alimwambia. "Sisi tukisema ni umbea. Wewe ukisema ni utafiti."

Pembeni yake alikaa Resiato, mtoto wa miaka sita wa dada yake Elirehema, miguu imeanza kupinda.

Mhariri wa jarida aliomba tahadhari. Elirehema akamfuta diwani aliyekata keki ya uzinduzi, meno manne yakatakata. Akamfuta mwenye shamba, taya lote la juu likang'aa. Wenzake chuoni walimpongeza, wakamwuliza habari za familia. Tusidanganyane, alifurahi. Alianza kucheka hadharani akiwa na miaka arobaini na saba, na alicheka hata kwa yasiyochekesha.

Lilibaki jina la kijiji. Alilitazama wiki nzima. Kisha akaandika "Kijiji A", na taya la chini, hadi gego la mwisho, likawa jeupe kabla hajaondoa kidole kwenye kibodi.

Makala ilitoka, ikanukuliwa sana. Akapewa uprofesa, akaenda kwao kushukuru.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, mgeni. Umetokea wapi?"

"Ni mimi, Elirehema."

Mama alimtazama mdomoni. "Umewafuta wote?"

"Wote."

"Na sisi?"

"Na nyie."

"Haya, kaa."

Akamletea maji kwenye kikombe cha bati. Profesa alishukuru, akatoa chupa yake ya dukani mkobani.

Resiato akaja ameshika ukuta. Magoti yake yalikuwa hayakutani tena. Alimtazama mjomba wake anavyocheka.

"Mjomba, mimi nifute nini ili miguu inyooke?"

Profesa alifikiri kwelikweli, maana lilikuwa swali zuri. Kisha akampa maji yaliyobaki kwenye chupa. Resiato aliyanywa yote, akasema asante kama alivyofundishwa, kisha akajikokota hadi kwenye bomba la zamani la kijiji kuijaza chupa tena.