Majogoo Arobaini na Wanane

Saa tatu na robo asubuhi Mkataji alitandaza mezani kitambaa kilichochapwa majogoo, akashusha juu yake dirisha lake la kadibodi la kupimia viraka. Alilisogeza mpaka jogoo mmoja akasimama katikati kabisa, kishungi juu, mkia ndani. Kisha akaacha upana wa kidole pande zote nne, uliwe na mshono, maana mshono una njaa kuliko bweni zima. Akakata.

Wakataji wengine hukunja kitambaa mara nne na kukata kwa mkupuo, jogoo akapata miguu kiraka hiki na kichwa kiraka kile. Kwa miaka kumi na tisa Mkataji hakuwa amemkata mtu mkia.

“Unaniharibia kitambaa, mama!” alilalamika Madamu, mwenye karakana. “Kama kimeliwa na panya mwenye rula!”

“Subiri kishonwe, Madamu, ndipo ulie.”

Jumatano viraka arobaini na vinane vilikuwa vimeungwa kuwa mfarishi wa kutandika kitandani. Pedali, fundi wa cherehani, aliona kwamba majogoo, waliochapwa wakitazama kushoto, sasa walimtazama Mkataji. Mkataji alikwenda bombani. Wakageuka.

“Dada, wanakutazama.”

“Niliwaachia mikia.”

“Kwani kuku ana fadhila?”

“Asiye na fadhila ni punda,” alisema Mkataji, akanywa maji.

Mfarishi ulikuwa wa mashindano ya maonyesho. Madamu alishona kitambulisho kwenye pembe: *Umebuniwa, umekatwa na kushonwa na Madamu.* Sindano ilitungwa uzi na Mkataji.

“Madamu, na jina langu lingekaa hapo chini. Hata dogo.”

“Nafasi haipo, mama.”

Mkataji, aliyewaachia majogoo wote nafasi, aliitazama ile pembe. Ilikuwa na nafasi tupu ya viganja viwili.

Ukumbini mfarishi ulitundikwa ukutani, na Mkataji akawekwa mlangoni kushika mikoba. Jaji mkuu alipima mishono kwa kucha ya kidole gumba.

“Mbona wote wanatazama mlangoni?”

“Nilibuni hivyo,” alisema Madamu.

Jaji aliandika: *Macho yameelekezwa mlangoni kwa ustadi.* Joto lilipozidi Mkataji alihamia dirishani. Shingo arobaini na nane zikageuka. Jaji alifuta *mlangoni*, akaandika *dirishani*, akampa Madamu kombe.

Mpiga picha hakuridhika. “Madamu, kuku wako hawalitazami kombe.”

Madamu hakupoteza muda. “Mama! Hebu njoo usimame nyuma yangu. Inama kidogo.”

Mkataji aliweka mikoba chini, akaja, akasimama. Hakuinama.

Picha ilitundikwa karakanani. Chini yake liliandikwa jina la Madamu peke yake. Juu ya bega la Madamu kuna uso usio na jina, kidevu juu, na majogoo wanautazama, wa kushoto wakielekea kulia, wa kulia wakielekea kushoto, mikia yao mizima. Wateja husifu mikia.

Jumatatu kililetwa kitambaa cha samaki. Madamu alikuwa ameshaandaa kitambulisho. Saa tatu na robo Mkataji alishusha dirisha lake juu ya samaki wa kwanza, akanyoosha mkono alisogeze.

Samaki alikuwa ameshajiweka katikati.